Mguu Uliobaki Mutukula

Safari hii nawaletea habari za mzee mmoja wa upande wa Mbulumbulu, wilaya ya Karatu. Jina lake silitaji, kwa sababu ni mgonjwa wangu. Alikwenda vitani akiwa kijana mwenye miguu miwili. Alirudi na mmoja.

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Nina cheti tu, na vita vilipopiganwa nilikuwa sijazaliwa. Habari za vita nimezipata kwa mzee mwenyewe, nikimfunga kidonda.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo unaitwa Kagera. Waliua watu, wakapora ng'ombe, wakavunja daraja la Kyaka. Mapema Novemba, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga Amin. Jeshi letu lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Likakua hadi kupita 150,000. Kati yao, kama 40,000 walikuwa mgambo, yaani raia waliofundishwa kutumia silaha.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Wakati huo Karatu ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Alikuwa na miaka 22, mke, na shamba lililokuwa likingoja kupandwa. Hakuulizwa kama anataka kwenda. Jina lake lilisomwa, akapanda lori. Mama yake alimfungia blanketi zito, maana watu wa huku tunaijua baridi. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria alikuta mvua na mbu. Blanketi likaoza.

Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka na kuiteka Mutukula. Huko ndiko alikokanyaga bomu lililotegwa ardhini. Anasema hakusikia maumivu mara moja. Alisikia kishindo, akadhani amepigwa mwenzake aliyekuwa mbele. Mwenzake huyo alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Ngorongoro. Alirudi nyuma, akamfunga paja kwa mkanda wa suruali, akaukaza, akamburuta.

Mkanda ule ulimwokoa. Damu ikitoka kwa kasi katika mshipa mkubwa, mtu anaweza kufa kabla chai haijachemka. Lakini angalieni: kwa majeraha ya kawaida, ya panga au jembe, kwanza gandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi. Kamba au mkanda ni kwa damu iliyokataa kabisa kusimama, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Madaktari walimkata mguu chini ya goti. Halafu wakafanya jambo lililomshangaza: hawakushona. Walikiacha kidonda wazi siku kadhaa, wakikifunika kwa bandeji tu. Alidhani wamekata tamaa naye. Sivyo. Bomu huingiza ndani ya nyama udongo, vipande vya nguo na vya chuma. Ukishona siku ile ile, umefungia uchafu ndani, na vijidudu vya pepopunda hupenda mahali kama hapo. Kwa hiyo nyama iliyokufa hukatwa, kidonda huoshwa, na hushonwa baada ya siku nne au tano kikiwa safi.

Kitandani alipenda kuweka mto chini ya goti, kwa sababu maumivu yalipungua. Kila asubuhi muuguzi aliuondoa. Mzee alimchukia sana. Sasa humtaja kwa heri, kwani goti likikaa limekunjwa majuma mengi hukakamaa, na mguu wa bandia hauwezi kulisaidia. Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipotekwa, wodi nzima ilishangilia mbele ya redio. Yeye alikuwa akijifunza kusimama kwa magongo.

Magongo ni mazuri juu ya sakafu ya hospitali. Katika tope la mteremko wa Mbulumbulu yanazama. Mwaka wa kwanza mkewe alilima peke yake. Baadaye alipata mguu wa bandia, akarudi shambani.

Lakini kulikuwa na jambo alilolificha miaka mingi, hata kwa mkewe. Usiku, vidole vya mguu usiokuwapo vilimwuma na kumwasha. Alikuwa akinyoosha mkono kujikuna, akakuta shuka tupu. Alinyamaza asije akaitwa kichaa, au mtu aliyerogwa. Ndugu wasomaji, maumivu haya ni ya kweli na huwapata wengi waliokatwa viungo. Mguu umeondoka, lakini mishipa ya fahamu iliyokatwa na ubongo bado vina habari zake. Kusugua kigutu polepole, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, huwasaidia baadhi yao. Wengine husaidiwa na kioo: hukisimamisha katikati, hutazama ndani yake sura ya mguu mzima ukichezacheza, na ubongo hutulia. Dawa pia zipo, lakini hizo huandikwa na daktari.

Sasa nieleze kosa langu. Masika ya mwaka jana alikuja na kitundu kidogo kwenye kigutu, kinatoa usaha. Nilimpa vidonge vya juma moja. Kikafunga. Baada ya mwezi kikafunguka. Nikampa vidonge vingine. Mara ya tatu aliniambia, "Mwanangu, dawa yako inafunga mlango na mgeni bado yumo ndani."

Nikaona haya, nikamwandikia barua ya hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha chuma, kidogo kama punje ya mahindi, na mfupa wa kando yake umekufa. Vilikuwa vimelala humo tangu 1979. Vidonge peke yake haviwezi kuponya mfupa uliokufa. Alipasuliwa, vikatolewa. Kisha alipimwa mguu mpya, kwa maana ule wa zamani ulikuwa umelegea na kumchubua. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, mafundi wa miguu ya bandia wamekuwa wakifundishwa tangu 1981.

Siku hizi kila jioni huvua mguu, huosha kigutu kwa sabuni na maji ya vuguvugu, hukausha vizuri, halafu hukitazama kwa chini akitumia kioo cha kunyolea ndevu. Akiona wekundu usioisha, kesho yake havai mguu. Soksi ya pamba hufuliwa kila siku, maana vumbi letu la kiangazi mnalijua. Samli na majivu ameacha.

Yule mwenzake wa mkanda bado yu hai, huko Ngorongoro. Naye ana vipande pajani, na kila mwaka kidonda hufunguka. Hajarudi hospitali tangu vita. Mzee alimtumia ujumbe kwa wafugaji waliokuja mnadani Karatu. Jibu likarudi kwamba vita vimekwisha, aachwe.

Alhamisi iliyopita mzee alivaa mguu wake mpya, akapita zahanati kuomba bandeji safi, akapanda gari la Ngorongoro. Alisema hatarudi bila mtu wake. Nimewaandalia benchi karibu na mlango.