Mungu wa Mizani na Wakimbizi Langoni

Nilirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nikamkuta kijana wa kaka yangu sebuleni na nguo zake za jana, macho mekundu. Kwenye skrini palikuwa na mtoto wa kike mwenye pembe na mkia, na mbele yake mwanamke mwenye nyoka. Kijana akarusha dadu, ile ya pande 20, na namba ikawa ndogo. Mtoto akajaribu kukimbia. Nyoka akamuuma, akaanguka pale pale.

"Huyo mama kamuulia nini mtoto?" nikauliza, begi bado begani.

"Aliiba sanamu ya Silvanus, Shangazi. Ni mungu wa mizani."

Wazazi wenzangu mnaolea ughaibuni mnajua neno "mungu" likitoka kwenye mchezo wa kompyuta linavyokatisha usingizi. Nikamuuliza kama anamwomba huyo Silvanus.

"Simwombi. Mhusika wangu ni mwizi tu, hana dini."

Nikaona afadhali mwizi. Lakini nilikuwa na siku tatu za mapumziko, nikaamua kukaa naye kwenye kochi nione mwenyewe, maana kukataza kitu usichokijua ni kazi ya bure kwa kijana wa miaka 20.

Mchezo unaitwa Baldur's Gate 3. Uliundwa na Larian Studios ya Ubelgiji, ukatoka 2023, na mwaka huo huo ukatangazwa mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards. Niseme mapema: huku Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na alama hiyo ni ya haki. Kuna damu, kuna utupu. Binti yangu wa miaka minane hakuruhusiwa kupita sebuleni muda wote tulipokuwa tunaucheza. Kanuni zake zinatokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu uliotolewa Marekani 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Miaka ya 1980 kuna wazazi kule Marekani waliamini kwamba mchezo huo unawaingiza watoto kwenye uchawi, kwa hiyo hofu yangu haikuwa mpya.

Dunia yenyewe ya hadithi ilibuniwa na Ed Greenwood, Mkanada, na ina miungu kama soko lina vibanda. Silvanus ni mmoja wao. Jina lake limeazimwa kwa mungu wa misitu wa Warumi wa kale, alama yake ni jani la mwaloni. Hayupo upande wa wema wala wa uovu. Anachotaka ni maumbile yakae sawa: simba ale, swala azae, msitu usimezwe na mji, na hakuna upande wowote utakaotawala peke yake. Wanaomfuata zaidi ni druidi, makuhani wa msituni wanaoweza kujigeuza wanyama. Katika kitabu cha kanuni cha 1978 druidi hakuwa na hiari, ilikuwa lazima awe mtu wa katikati.

Nilitegemea watu wa mizani wawe wapole, wenye busara, kama wazee wa baraza. Sivyo. Ndani ya mchezo huu wanaishi kwenye kichaka chao kitakatifu, na wamegawanyika vibaya, na kilichowagawa ni wakimbizi.

Wakimbizi hao ni watu wenye pembe, wanaoitwa tiefling, kwa sababu damu yao imechanganyika na ya jahanamu. Walikuwa wakiishi mji wa Elturel. Mji ule ulipopatwa na balaa la kuvutwa hadi jahanamu na kurudi, majirani wakawatazama pembe zao, wakawafukuza. Sasa wanaongozwa na mzee mmoja aliyekuwa askari, Zevlor, wakielekea mji wa Baldur's Gate. Njiani kuna goblini wanaoua. Kwa hiyo wamejisitiri kwa druidi, wanalala mapangoni na watoto wao, wakisubiri njia ipitike.

Kiongozi wa druidi, Halsin, ameondoka na hajarudi. Aliyekaimu ni Kagha, yule wa nyoka. Kagha anataka ifanywe ibada ya miiba, ambayo ikikamilika itafunga kichaka kisiingiwe na yeyote, na wakimbizi watakuwa nje, kwa goblini. Hoja yake ni mizani. Kabla ya hawa kuja, anasema, tulikuwa na amani. Wamekuja, maadui wamewafuata, na sasa wanatuibia. Wazazi wa yule mtoto walipolia wapelekwe kwa mwanao, druidi mmoja akageuka dubu akawazibia njia.

Mwenzake Rath anamwamini Silvanus yule yule, na hakubaliani naye hata kidogo. Yeye anataka Halsin atafutwe, arudi asimamishe mambo. Halafu kuna Nettie, mganga wao, ambaye ndiye aliyenisumbua zaidi. Mchezaji ana kiluwiluwi kichwani kitakachomgeuza zimwi, basi anakwenda kwa Nettie kutafuta tiba. Nettie anamsikiliza vizuri, anamchoma kwa mwiba wenye sumu, kisha anamtaka aape kwamba akianza kubadilika atakunywa sumu mwenyewe. Nilimwambia kijana, huyu angekuwa kwenye wodi yetu angenyang'anywa leseni kabla ya chakula cha mchana. Lakini nilimwelewa. Anatibu mmoja huku akihesabu wengine wangapi watadhurika, na hesabu hiyo kila muuguzi anaijua, hata kama hatuisemi.

Nikaanza kumfikiria Kagha kikazi. Wodini tuna chati ya majimaji. Upande mmoja unaandika kilichoingia: dripu, chai, supu. Upande wa pili kilichotoka: mkojo, matapishi, mfereji wa jeraha. Mizani ya mgonjwa inapatikana ukijaza pande zote mbili, tena mara kwa mara, maana ya saa nne siyo ya saa kumi. Nilipokuwa mwanafunzi wa diploma nyumbani nilishawahi kujaza upande mmoja tu usiku mzima, na dada mkuu wa wodi alinisimamisha mbele ya wenzangu hadi nikalia. Kagha anajaza upande mmoja. Anaandika chakula kilichoibwa na goblini waliofuata nyuma. Haandiki kwamba langoni, goblini walipovamia, wakimbizi walikuwa juu ya ukuta wanapigana pia.

Hapo nilinyamaza kidogo, na kijana naye akanyamaza, kwa sababu sote wawili tulikuwa na jambo letu.

Alikuja Septemba kuanza chuo. Tulikubaliana na kaka kwamba atakaa kwangu wiki mbili mpaka apate chumba. Vyumba vya hapa kodi yake inatisha, wiki mbili zikawa miezi. Mwezi wa Desemba, bili ya gesi ilipofika, nilimwambia mpaka mwisho wa Januari awe amepata pake. Na nilimwambia kwa maneno haya haya: nyumba hii ina mizani yake, na wewe umeizidi. Alijibu, "Sawa, Shangazi," akaenda kuosha vyombo.

Mimi nilikuwa nimeandika gesi, umeme, mchele, na maji ya moto. Sikuwa nimeandika kwamba tangu Oktoba yeye ndiye anayemchukua binti yangu shuleni siku ninazolala baada ya zamu, na kwamba nimeacha kumlipa mama wa jirani kwa kazi hiyo.

Usiku wa pili tuligundua siri ya Kagha. Kwenye sanduku lake kuna barua inayoelekeza kinamasini, na kule ukaipata nyingine: alikuwa akishawishiwa na druidi wa kivuli, kundi jingine kabisa, wanaotaka misitu bila watu. Ukimwonyesha ushahidi mbele ya wenzake unaweza kumpigania ageuke, na kijana safari hii dadu ilimkubali. Kagha akawageukia waliokuwa wakimtumia. Nilikasirika kidogo. Mtoto wa watu ameshakufa, huyu anasamehewa kwa namba nzuri ya dadu? Nikamwambia arudishe mchezo nyuma, amwokoe kwanza yule mtoto.

"Nilishafanya uamuzi, Shangazi. Nikirudisha nyuma kila nikikosea, nitakuwa nacheza nini?"

Usiku wa tatu tukampata Halsin, amefungiwa kwenye kambi ya goblini katika umbo la dubu. Viongozi wa goblini walipouawa akarudi, ibada ya miiba ikasimamishwa, lango likabaki wazi. Asubuhi yake wakimbizi wakaanza kufunga mizigo.

"Wanakwenda wapi tena?" nikauliza. "Si wameshakubaliwa?"

"Baldur's Gate. Tangu mwanzo walikuwa wanapita tu."

Nikaenda kuvaa sare, zamu yangu ilianza saa moja na nusu jioni. Kabla sijatoka nilimwambia ile tarehe ya Januari tuiache, tutaongea na baba yake Jumapili kwa simu tuone atachangia nini kwenye gesi. Akaniuliza kesho amchukue mtoto saa ngapi. Nikamwambia saa tisa na robo, na achukue mwavuli.