Kumchagulia Kitabu Mtoto Aliyewatangulia Wenzake: Ugumu wa Lugha na Uzito wa Mambo

1. Utangulizi

Katika kilomita ya 14 ya barabara ya zamani iendayo Buta, baada ya kuvuka daraja la mto Tshopo, msafiri atokaye Kisangani hufika Masako. Jina hili linafahamika vyema chuoni kwetu kwa sababu ya hifadhi ya msitu yenye hekta 2,105, ambamo walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sayansi wamefanya utafiti kwa miaka mingi. Makala haya, hata hivyo, hayahusu miti wala panya wa msitu huo. Yanahusu suala la usomaji lililotukuta huko, nasi tunaamini kwamba linamgusa kila mwalimu wa Kiswahili katika mashariki ya Kongo.

Kijijini hapo yuko binti wa miaka 11 ambaye baba yake huwasindikiza watafiti msituni. Alijua kusoma mapema. Alipomaliza vitabu vyake vya shule na vya kaka zake, alianza kusoma kila karatasi iliyofika nyumbani kwao: kitabu cha nyimbo za kanisa, maelezo ya dawa, hata kurasa za magazeti ya Kifaransa zilizofungiwa bidhaa sokoni. Baba yake alituomba tumtafutie kitabu cha Kiswahili cha kumtosha, akaweka sharti moja tu: kiwe kitabu safi.

Tulimpelekea riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Tuliichagua kwa kuwa tuliikumbuka lugha yake tangu tulipoisoma katika masomo ya lisansi. Tuliporudi baada ya majuma mawili, baba huyo alitukabidhi kitabu kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko. Alisema kwa upole: “Mwalimu, mtoto aliniuliza danguro ni nini. Neno hilo sikulijua. Nimeuliza watu, na sasa ninalijua.” Hakuongeza neno.

Utengano si kitabu kibaya. Kinafichua ukatili wa Maksuudi, mtu mwenye hadhi mjini, juu ya watu wa nyumba yake mwenyewe. Na binti yake Maimuna, aliyefungiwa ndani bila kufunzwa mambo ya dunia, anatoroka na kuangukia katika umalaya. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua. Tulipima lugha, tukasahau kupima mambo. Shabaha ya makala haya ni kueleza tofauti ya vipimo hivyo viwili na kupendekeza namna ya kuvitumia.

2. Vipimo viwili vinavyochanganywa

Tunaposema kwamba mtoto anasoma kupita umri wake, aghalabu tunazungumzia lugha. Anatambua maneno mengi, anafuata sentensi ndefu bila kupotea, na anaweza kushika kisa chenye wahusika wengi kwa siku kadhaa. Hicho ni kipimo cha kwanza, yaani ugumu wa lugha. Kipimo cha pili ni uzito wa mambo: msomaji anatakiwa awe ameyaona au ameyafahamu maisha kiasi gani ili asiumizwe wala asipotoshwe na yale anayoyasoma?

Kwa watoto wengi vipimo hivi hukua sambamba, na ndiyo maana shule huweza kugawa vitabu kwa madarasa. Kwa mtoto aliyewatangulia wenzake, vipimo hivi huachana. Binti wa Masako ana lugha ya mwanafunzi wa miaka 16, lakini maisha yake ni ya miaka 11. Mlezi anayefuata umri peke yake atampa hadithi za sungura na fisi zenye picha nyingi na maneno machache. Mtoto atazimaliza kabla ya chakula cha jioni, na huenda akaamini kwamba vitabu havina zaidi ya hapo. Mlezi anayefuata lugha peke yake atafanya kama tulivyofanya sisi.

Dalili za nje hazisaidii sana. Urefu wa kitabu hauonyeshi uzito wa mambo yake. Umri wa mhusika mkuu nao hauonyeshi. Chukua mfano wa Ngando ya Paul Lomami Tchibamba (1948), kisa kilichoandikwa kwa Kifaransa na kupata tuzo huko Bruxelles. Mhusika wake ni mtoto anayechukuliwa na mamba, na kitabu chenyewe ni kifupi. Hata hivyo, kisa kizima kimesimama juu ya uchawi na kifo, na kinahitaji msomaji anayeweza kutenganisha imani, hofu na sanaa.

Aidha, hali ya uchapishaji inalifanya tatizo kuwa kubwa zaidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza nchini Tanzania mwaka 1991 umeongeza sana hadithi za Kiswahili kwa shule za msingi. Riwaya za watu wazima nazo ni nyingi. Lakini kati ya rundo hili na lile pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo alimokaa mtoto tunayemzungumzia.

3. Kiswahili cha Masako na Kiswahili cha kitabuni

Kabla ya kupima ugumu wa lugha hatuna budi kuuliza: lugha ipi? Mtoto wa Masako huzungumza Kiswahili cha Kisangani, pamoja na Lingala na Kikumu, na shuleni hukutana na Kifaransa. Nyumbani husema batu, mutoto na mayi. Kitabuni hukuta watu, mtoto na maji. Neno nyama kwake laweza kuwa kitoweo au mnyama aliye hai msituni, ilhali Kiswahili sanifu hutenganisha nyama na mnyama.

Kwa hiyo mwalimu anayehesabu maneno magumu katika ukurasa anapaswa kuyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maneno ambayo mtoto anayajua tayari, ila yamevaa vazi jingine. Haya hayamzuii kwa muda mrefu. Baada ya kurasa kumi hivi huyazoea. Fungu la pili ni maneno ya vitu au fikra ambazo hazijui kabisa, mathalani maneno ya baharini, ya dini ya Kiislamu au ya mahakama. Fungu la pili likizidi maneno matano katika ukurasa mmoja, kitabu hicho kisomwe pamoja na mtu mzima, au kiahirishwe. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kwa kazi ya kila siku.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji wa nchi yetu. Nafasi hiyo haitakuwa na maana iwapo mtoto aliyejifunza kusoma Kiswahili hatapata kitu cha kusoma kwa Kiswahili.

4. Nini maana ya kitabu safi?

Baba wa Masako hakufafanua neno safi, wala hatukumwuliza. Wengi wetu tungesema mara moja: kitabu kisichotaja zinaa. Maana hiyo ni finyu. Historia ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inatufundisha jambo. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda kwa sababu ya namna ilivyoeleza mapenzi. Baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia katika shule za sekondari. Maneno yake hayakubadilika. Kilichobadilika ni mawazo kuhusu nani aisome, na akiwa pamoja na nani. Zaidi ya hayo, Rosa mwenyewe anaangamia kwa sababu ya malezi ya baba aliyemzuia kila kitu bila kumweleza chochote. Kwa hiyo jibu kwa kitabu kizito ni “bado”, si “kamwe”.

Pia usafi hutegemea mahali. Uchawi ambao msomaji wa Ulaya huuona kuwa mchezo una uzito mwingine hapa kwetu, ambako watoto wameshutumiwa kuwa wachawi na kufukuzwa nyumbani, hata Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikalazimika kuweka adhabu kwa shutuma hizo. Hadithi inayomfanya mtoto kuwa mchawi wa kweli, kisha ikashangilia adhabu yake, si safi katika Kisangani, hata kama haina neno moja la aibu. Vivyo hivyo kuhusu vita. Sisi tuliokuwa watoto mjini humu katika vita vya siku sita vya Juni 2000 tunajua kwamba milio ya mabomu kitabuni haimfikii kila msomaji kwa namna moja.

Tunapendekeza basi maana ifuatayo. Kitabu safi kwa mtoto ni kile ambacho uovu uliomo haukupambwa ili utamaniwe, haukuelezwa kwa undani usiohitajika, wala haukumwacha mtoto peke yake bila njia ya kuuelewa. Kwa maana hii, kitabu chenye mauaji kinaweza kuwa safi, na kitabu kisicho na mauaji kinaweza kutokuwa safi.

5. Vitabu vinavyoingia katika pengo

Msaada mkubwa tumeupata katika vitabu vya zamani, ambavyo lugha yake ni ya juu na usimulizi wake una staha.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) inafaa kuanzia. Adili anawapiga manyani wawili kila usiku ingawa anawahurumia, na taratibu tunajua kwamba ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa ajili ya usaliti wao. Majina yenyewe yanampa mtoto ufunguo wa maana. Kusadikika (1951) ya mwandishi huyohuyo ni ngumu zaidi: Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa katika nchi mbalimbali. Lugha yake inaelea juu kama nchi yenyewe, lakini hakuna ukurasa wa kumfichia mtoto.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ina maiti, lakini hamu ya msomaji inaelekezwa kwenye akili ya Bwana Msa na kiko chake, haielekezwi kwenye damu. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967), husomwa na mtoto kama kisa cha wanyama, na atakapokuwa mkubwa atakisoma tena kama kisa cha watawala. Siku Njema ya Ken Walibora (1996), yenye kijana wa Tanga anayekwenda Kenya kumtafuta baba yake, tungeiweka kwa miaka 13 au 14, kwani ina mateso ya kuzungumziwa. Kwa Kifaransa, L’Enfant noir ya Camara Laye (1953) inabaki kuwa chaguo jema.

6. Namna ya kuchagua

Hatua ni chache. Kwanza, mchaguzi akisome kitabu chote upya. Kumbukumbu ya masomo haitoshi, maana ya kwetu ndiyo iliyotuponza. Pili, asome ukurasa mmoja na mtoto na kuyagawa maneno magumu katika mafungu mawili tuliyoyataja. Tatu, ajiulize: swali gani gumu kuliko yote litakalotoka katika kitabu hiki, na nani atakayeulizwa? Tunalisisitiza jambo hili la mwisho. Anayeulizwa si mwalimu aliyeko mjini. Ni mzazi aliyeko nyumbani, jioni, mbele ya watoto wengine. Kumpa mtoto kitabu ni kumpa mzazi wake swali. Ni haki yake kuelezwa mapema.

7. Hitimisho

Safari ya pili tulipeleka Adili na Nduguze, na kabla ya kumpa mtoto tulikaa na baba tukamweleza kisa kwa ufupi. Tuliporudi, alitusimulia kwamba binti alikuwa akimsomea kwa sauti, naye alikuwa ameulizwa swali jingine: kwa nini Adili anawapiga watu anaowapenda? Safari hii hakuhitaji kuuliza watu. Walilizungumza swali hilo nyumbani mwao kwa siku mbili, na hawakukubaliana.

Idara zetu zina wanafunzi wengi wanaosoma riwaya kila mwaka kwa ajili ya mitihani. Kama kila mmoja angeandika ukurasa mmoja tu juu ya riwaya aliyoisoma, akitaja ugumu wa lugha yake, uzito wa mambo yake na swali gumu litokalo ndani yake, chuo kingekuwa na mwongozo ambao walimu wa shule za msingi kando ya barabara ya Buta wangeweza kuutumia. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji tukumbuke kwamba vitabu tunavyovichambua darasani vinasomwa pia na watoto.