Vidonge vya Damu na Kikombe cha Chai

Nchini Tanzania, mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu. Kuvipata ni jambo moja. Kuvimeza, tena kwa namna ambayo mwili utavifaidi, ni jambo jingine, na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Si ajabu kuikuta pakiti ya mwezi uliopita imelala ndani ya kadi ya kliniki, haijafunguliwa.

Mimba inadai chuma kingi: takriban miligramu 1,000 hadi kujifungua. Majimaji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, ilhali chembe nyekundu hazikimbii kwa kasi hiyo, kwa hiyo wekundu wa damu (himoglobini) hushuka kidogo hata kwa mama mwenye afya. Ndiyo maana mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Wengi huanza safari hii akiba ikiwa imekwisha, kwa sababu ya hedhi nzito au watoto waliofuatana.

Kidonge kimoja cha FEFO hubeba kama miligramu 60 za chuma, pamoja na asidi ya foliki. Sasa tazama kinavyomezwa: asubuhi, kwa chai ya rangi na chapati. Tanini za chai hushikamana na chuma humo humo tumboni, na sehemu kubwa hutoka bila kufyonzwa. Maziwa nayo hupunguza ufyonzaji, na vilevile dawa za kiungulia, ambazo wajawazito wengi huzitumia. Acha saa moja au mbili kati ya kidonge na vitu hivyo. Meza kwa maji, ukipenda na chungwa au maji ya ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia.

Kidonge kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku baada ya chakula. Utapoteza kiasi fulani cha chuma, lakini ni afadhali hivyo kuliko kuacha kabisa. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Mhudumu asipolisema hili mapema, mama huogopa na kuacha dawa, na sitamlaumu.

Juisi ya bitiruti na rozela zimepewa sifa kubwa mno. Wekundu wa juisi hauhamii kwenye damu. Dagaa na nyama vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi kuliko cha mchicha au maharage. Maini pia ni mazuri, ila kwa kiasi, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa yana vitamini A nyingi. Na ule udongo uitwao pemba, unaouzwa sokoni? Hamu yake yenyewe huweza kuwa dalili ya upungufu wa chuma, na ukishaliwa huweza kukizuia chuma kufyonzwa. Mwambie mhudumu bila aibu.

Si kila damu pungufu ni kukosa chuma. Malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu utumbini, na selimundu ina matibabu yake. Ndiyo sababu kliniki hutoa pia SP, dawa ya kukinga malaria, na, baada ya miezi mitatu ya kwanza, dawa ya minyoo. Ikiwa umemeza vidonge ipasavyo kwa mwezi na kipimo hakijapanda, omba uchunguzi zaidi. Wengine huhitaji chuma cha kuwekwa kwa dripu. Chini ya gramu 7 ni suala la hospitali, siku hiyo hiyo.

Utafiti wa WOMAN-2 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 wenye upungufu wa damu nchini Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Kadiri wekundu wa damu ulivyokuwa chini, ndivyo hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ilivyopanda. Mama mwenye upungufu hana damu ya kupoteza, kwa hiyo ni vyema ajifungulie mahali penye damu ya kuongezewa, na aendelee na vidonge kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua, kama kliniki itakavyomwelekeza.