Mtoto Alikuwa Mtulivu Mno

Siku ya tisa baada ya kujifungua, mwanangu aliacha kulia. Nilidhani Mungu amenipa mtoto mpole. Nikampigia mama, yuko Malindi, nikamwambia mjukuu wake analala tu. "Alhamdulillahi, mwanangu, nawe pumzika," akanijibu. Tunakaa Deira, ghorofa ya sita, na ilikuwa Agosti, kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana. Viganja vya mtoto vilipokuwa baridi, nikakilaumu kiyoyozi.

Jioni alikataa ziwa mara tatu. Jirani yetu, bibi wa Unguja aliyelea wanane, alimkuna nyayo, akangoja, akanitazama. "Huyu halali, mwanangu. Huyu amelegea. Vaa buibui twende."

Hospitalini kipimajoto kilisoma 35.1. Mimi siku nzima nilikuwa namgusa paji nikitafuta homa! Kumbe kichanga mwenye maambukizi kwenye damu anaweza kupoa badala ya kuchemka, na chini ya 35.5 ni hatari kama ilivyo 38 na kupanda. Daktari aliuliza amenyonya mara ngapi tangu asubuhi. Kabla sijamaliza kuhesabu, nesi alikwisha kuanza kutafuta mshipa.

Walichukua damu kama mililita moja, sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Nililia, nikiona wanammaliza. Daktari akanieleza kwamba mtoto wa kilo tatu ana damu kama robo lita tu, ndiyo maana wanachukua kwa hesabu. Lakini wakichukua kidogo mno, bakteria wanaweza kukosekana kwenye chupa ilhali wamo mwilini. Chupa ile huwekwa kwenye mashine yenye joto, na bakteria wakiota hutoa hewa ya kaboni ambayo mashine huitambua. Kuota huko huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku moja au zaidi. Kipimo cha haraka, cha protini ya CRP, nacho huchelewa kupanda mwanzoni, kwa hiyo jibu zuri la saa ya kwanza halimtulizi daktari. Walimtoa pia maji ya uti wa mgongo, kuona kama ugonjwa umefika kwenye ubongo.

"Basi tungoje majibu ndipo apewe dawa?" mume wangu akauliza.

Hapana. Antibiotiki zilianza usiku uleule, dhidi ya adui asiyejulikana jina. Majibu yakija safi na mtoto akiwa mzima, dawa husimamishwa. Kuzingoja ndiko kunakoua.

Mashine ililia saa ya kumi na tisa: E. coli. Maji ya mgongo yalikuwa safi. Maabara ikaonyesha dawa gani inawaua, daktari akabadilisha moja, tukakaa siku kumi.

Katika siku hizo nilisoma mengi kwenye simu, na nikakutana na kwetu. Watafiti wa hospitali ya Kilifi waliotesha damu za watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, wakachapisha matokeo 2005. Kati ya wachanga 1,783 wa chini ya siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria kwenye damu, na E. coli ilikuwa miongoni mwa waliotia fora. Nikawakumbuka vichanga wa mtaani kwetu waliozikwa kabla ya arobaini, tukaambiwa ni jicho, au ni homa tu.

Mzazi mwenzangu, maabara huna nyumbani, lakini macho unayo. Kukataa kunyonya, kulegea, kusogea akiguswa tu, degedege, kifua kubonyea ndani akivuta pumzi, pumzi 60 au zaidi kwa dakika: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali, si ya asubuhi, ya sasa hivi. Hapa Dubai gari la wagonjwa ni 998.

Mama bado anapiga kila jioni. Haulizi tena kama mtoto ametulia. Anauliza amenyonya mara ngapi.