Jiwe chini ya mlango: namna ya kutunza na kutengeneza mlango wa kuzuia moto

Leo siandiki juu ya muhogo wala mbolea. Mimi ni mwanaagronomia, licence ninayo, lakini kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kusimamia depo ya mbegu hapa Lubumbashi, katika jengo moja la zamani lenye etaji. Mule njo nilijifunza kitu ambacho hakuna profesa aliyenifundisha: mlango.

Chini, kati ya kolidoo ya mabiro na ngazi, kulikuwa mlango mzito wa mbao wenye chuma cha kuuvuta juu yake. Kwa Kifaransa wanauita porte coupe-feu. Mimi niliona ni mlango tu. Kila mtu akipita ulijifunga paaa! mpaka ukuta unatetemeka. Vijana wa kubeba magunia wakachoka. Mmoja akaniambia: «Inginieri, huu mulango utatukata vidole. Tuweke tu libwe.» Nikajibu: sawa, wekeni. Jiwe likakaa pale miezi mingi, na mimi nililiruka kila asubuhi.

Usiku mmoja umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Ralonji moja ikaungua katika biro ya chini. Moto wenyewe ulikula meza, kiti na makaratasi, basi. Lakini moshi ulipita kwenye mlango ule uliokuwa wazi, ukapanda ngazi, ukamkuta papa mlinzi amelala juu. Majirani walimtoa kwa dirisha. Anaishi, Mungu asifiwe, lakini alilala hospitali siku nyingi, na mpaka leo akipanda ngazi anasimama katikati kukohoa.

Katika ripoti niliandika: «Mlango haukujifunga.» Ni kweli. Lakini haikuwa kweli yote.

Mlango huu unafanya kazi gani?

Sisi wa Katanga tunajua moto wa majani wakati wa kiangazi. Kabla haujafika, mkulima mwenye akili anafyeka ukanda kuzunguka shamba, anaacha udongo mtupu, ili moto ukifika pale ukose chakula. Ukiacha hatua mbili tu za majani makavu kwenye ukanda ule, moto unapita palepale, na kazi yote imekuwa bure.

Mlango wa kuzuia moto ni ukanda ule ndani ya nyumba. Hauzimi moto. Unauchelewesha: dakika 30, dakika 60, au zaidi, kulingana na namna ulivyotengenezwa na kupimwa. Dakika hizo ni za watu kushuka ngazi. Kifaransa kinatofautisha aina mbili: kuko mlango unaozuia miali na gesi tu, na kuko ule unaozuia pia joto lisivuke upande wa pili. Njo maana mlango wa bati ambao soda wa mtaani amechomelea hauwi mlango wa kuzuia moto kwa sababu tu ni chuma. Bati linashika joto haraka, linalipitisha upande wa pili, tena linajikunja na kufungua nafasi pembeni.

Kingine cha kujua: mlango huu ni vitu vingi pamoja. Ubao, fremu, bawaba, kitasa, chuma cha kuvuta, na ule ukanda mwembamba ulioingizwa kwenye ukingo. Ukanda huo umetengenezwa kwa dawa inayovimba ikipata joto la karibu nyuzi 200, kama vile bisi zinavyovimba kwenye sufuria, na kuziba nafasi iliyo kati ya mlango na fremu. Lakini mwanzoni moshi unakuwa bado wa baridi, na ukanda haujavimba. Kwa hiyo milango mingi ina pia mpira au brashi ndogo pembeni ya kuzuia moshi huo wa kwanza. Kitu kimoja kikikosekana, umeacha majani kwenye ukanda wa shamba.

Moshi unaua kuliko miali

Musidhani ni shida ya majengo yetu ya zamani tu. Tarehe 9 Januari 2022, kule Bronx, New York, kifaa cha umeme cha kupasha joto kiliwasha moto katika nyumba moja ndani ya jengo la etaji 19. Miali haikwenda mbali na nyumba ile. Lakini wenye nyumba walipokimbia, mlango wao haukujifunga nyuma yao, na mlango mwingine wa ngazi, kwenye etaji ya juu zaidi ya pale moto ulipoanzia, ulikuwa wazi pia. Moshi ukajaza ngazi. Watu 17 walikufa, wengi wao wa familia zilizotoka Gambia, ndugu zetu Waafrika.

London pia, katika moto wa Grenfell Tower wa mwezi wa 6 mwaka 2017 uliowaua watu 72, uchunguzi ulionyesha kwamba milango mingi ya nyumba haikujifunga, kwa sababu vyuma vya kuivuta vilikuwa vimeharibika au vimetolewa. Baada ya hapo sheria ya Uingereza ikabadilika. Tangu mwezi wa 1 mwaka 2023, katika majengo ya kuishi yanayopita mita 11, milango hii ya kolidoo na ngazi lazima ikaguliwe kila miezi 3.

Ukaguzi wa dakika tano

Huu hauhitaji diploma. Unaweza kuufanya kwenye home ya wanafunzi, kazini, au kwenye kliniki ya mtaa wenu.

1. Tafuta kibao kidogo au alama, mara nyingi juu ya mlango au kwenye ukingo wa upande wa bawaba. Kinaonyesha dakika. Kama rangi imekifunika, usikikwangue kwa nguvu.

2. Fungua mlango mpaka mwisho, uuache. Kisha ufungue kidogo tu, kama upana wa kiganja, uuache tena. Mara zote mbili lazima ujifunge wenyewe, na ulimi wa kitasa uingie, tak. Ukibaki umeegemea tu, haujafunga.

3. Pima nafasi juu na pembeni. Inatakiwa iwe karibu milimita 3. Kama huna kipimo, bebanisha karte 4 za benki: unene wake ni milimita 3 hivi. Zikiingia na bado zinacheza, nafasi ni kubwa.

4. Angalia bawaba. Visi vyote viko? Kuna kimoja kimelegea? Kuko vumbi jeusi la chuma au mafuta yanayotoka? Hiyo ni dalili ya bawaba kuchakaa.

5. Pitisha kidole kwenye ukanda wa ukingoni. Usiwe umetoka, umekatika, wala umezibwa na tabaka nyingi za rangi.

6. Kama kuna kioo, angalia nyufa. Kioo cha dirisha la kawaida hakiwezi kuchukua nafasi yake, kitapasuka mapema.

Kutengeneza: nini ufanye, nini usiguse

Hapa njo kosa langu linaonekana vizuri. Mlango wetu haukuwa na ubaya wowote zaidi ya kujifunga kwa nguvu. Baada ya moto, seremala mmoja mzee alikuja, akapanda juu ya kiti, akanionyesha kwamba chuma cha kuvuta kina visi viwili vidogo. Kimoja kinaongoza mwendo wote wa mlango, kingine kinaongoza zile sentimita za mwisho. Alizungusha kidogo kwa turnevisi, hata robo ya mzunguko haikufika, akajaribu, akazungusha tena. Mlango ukajifunga polepole, tak. Dakika tano tu. Jiwe lilikaa pale miezi kwa kazi ya dakika tano.

Usizungushe visi hivyo mpaka vitoke, kwa sababu ndani kuna mafuta na yatamwagika. Na ukiona mafuta yanatiririka kwenye mlango, chuma hicho kimekufa. Usikijaze mafuta, kibadilishe.

Visi vilivyolegea, kaza. Tundu likiwa limepanuka, jaza kwa kipande cha mbao ngumu chenye gundi, kisha utoboe upya. Usitie njiti za kiberiti na karatasi. Bawaba ikichakaa, badilisha kwa ya chuma cha pua au ya chuma cha kawaida, yenye ukubwa uleule. Aluminiumu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa nyumba unaweza kuzipita hizo.

Kati ya fremu na ukuta, usijaze musi ile ya kawaida ya kupuliza, inaungua. Tumia chokaa ya simenti au pamba ya mawe. Usitoboe mlango kupitisha kamba ya umeme. Usiukate chini sana kwa sababu umewekwa kigae kipya. Na mlango uliopasuka au kupinda, usiudanganye kwa rangi. Badilisha.

Halafu kuko jambo la wezi. Wengi wanatia kufuli na mnyororo kwenye mlango wa kutokea. Ninaelewa, wezi wako. Lakini Johannesburg, tarehe 31 Agosti 2023, watu zaidi ya 70 walikufa katika jengo moja la katikati ya mji, na wengine walikwama nyuma ya mageti yaliyofungwa. Mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Mwizi azuiwe upande wa nje.

Nilichomwambia papa

Ilinichukua wiki nyingi kwenda kwa papa mlinzi na kumwambia kwamba ruhusa ya jiwe ilitoka kwangu. Alinyamaza, kisha akasema: «Mwanangu, na mimi nililiona kila siku. Nilifikiri wewe inginieri unajua.»

Neno hilo linanisumbua kuliko lawama. Watu wanatuona tumesoma, wanafikiri tunajua, wananyamaza. Na sisi tunanyamaza kwa sababu si fakulte yetu. Nilirudi nikaandika ripoti upya, nikaongeza sentensi iliyokosekana.

Kesho ukipita kwenye auditoriamu, home au biro, ukikuta mlango mzito umeshikiliwa na jiwe, kiti au kizima-moto chenyewe, usiondoe jiwe tu, maana watalirudisha jioni. Uliza kwanza kwa nini waliliweka. Mara nyingi utakuta ni visi viwili vidogo vinavyongoja turnevisi.

Ndugu yenu wa agronomia.