Zidaka katika Usomaji wa Al-Inkishafi

Msomaji wa Al-Inkishafi, utenzi unaonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hufika kwenye beti za magofu ya Pate akakuta madaka yaliyokuwa ya kuwekea vyombo sasa yamegeuka malalo ya makinda ya ndege. Aghalabu neno hilo hufasiriwa darasani kuwa ‘rafu’, kisha mjadala ukaendelea. Fasiri hiyo ni finyu mno. Rafu hupachikwa ukutani. Kidaka, au zidaka kwa wingi wa lahaja za kaskazini, ni ukuta wenyewe. (Ieleweke pia kwamba Lamu daka ni ukumbi mdogo wa kuingilia nyumba, na hapo wengi huteleza.)

Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazihimili upana mkubwa, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, aghalabu chini ya mita 3. Katika chumba cha faragha kiitwacho ndani, mwanga ulikuwa haba. Hapo ndipo fundi alipodhihirisha umahiri wake. Alipanga zidaka safu juu ya safu, akazizungushia kanda za chokaa zenye miinuko na mibonyeo, vichwa vyake akavitia matao, na penginepo akakata nakshi kwenye lipu. Mwanga mdogo uliopenya kutoka uani ulitua kwenye kingo hizo ukaacha vivuli, na ukuta mnene ukaonekana mwepesi. Humo zilipangwa sahani za kauri kutoka China.

Seremala naye alifuata mkondo huo mlangoni. Nakshi zilibebwa na miimo, kizingiti cha juu na mfaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Mbao zenyewe mara nyingi ziliachwa bila urembo.

Picha ya mshairi basi ni kali kuliko inavyodhaniwa. Sahani huvunjika au huhamishwa, nao wenyeji hufa, lakini kidaka hakiondoki. Ndege wanapokilalia, wamerithi mahali palipokusudiwa kuonwa na wageni wateule tu.

James de Vere Allen, aliyeuhariri utenzi huo mwaka 1977, aliwahi kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu.