Kikosi ni Mali ya Nani?

Fedha, uongozi na mapenzi katika ngoma za mashindano za Marekani

Ndugu msomaji, mfikirie kijana wa miaka kumi na minane ambaye mwezi Mei anawaaga wazazi wake, anabeba godoro la kujaza upepo na jozi mbili za viatu, na harudi nyumbani mpaka katikati ya Agosti. Haendi jeshini, wala hakuajiriwa mahali. Kwa msimu mzima atalala juu ya sakafu za kumbi za michezo za shule, atakula chakula kilichopikwa ndani ya lori, atapiga ngoma juani tangu asubuhi hata jioni, na usiku atasafirishwa kwa basi kwenda mji mwingine. Kwa kazi hiyo yote hatalipwa hata senti moja. Yeye ndiye aliyelipa. Katika vikosi vikubwa ada ya msimu mmoja huzidi dola 4,000, mbali na nauli ya kumfikisha kambini.

Bila shaka utajiuliza ni nini kinachomvuta mtoto wa watu kuingia katika taabu ya namna hiyo, na kulipia juu yake. Jibu ni kikosi. Huko Marekani kuna vikosi vya vijana, wasiozidi kwa kawaida umri wa miaka 22, ambavyo hushindana kwa tarumbeta, ngoma na bendera. Vijana mia moja na hamsini au zaidi huingia uwanja wa mpira na kucheza gwaride lenye mizunguko na mistari isiyokosea hata hatua moja, huku wakipiga muziki mgumu ambao bendi nyingine zingeupiga zikiwa zimeketi vitini. Onyesho halifiki robo saa. Waamuzi hutoa alama kutoka katika mia, na mshindi aweza kupatikana kwa sehemu ndogo sana ya alama moja.

Wazee wetu wa pwani hawatashangazwa sana na habari hizi. Waliokumbuka beni, Marini na Arinoti kule Tanga na Dar es Salaam, au Kingi na Scotchi kule Mombasa, walijua vema jinsi mtu anavyoweza kumaliza mshahara wake kwa ajili ya sare, karamu na heshima ya ngoma yake. Tofauti ni kwamba Wamarekani wameiandikia ngoma yao katiba, wakaisajili kuwa shirika, wakaiwekea wakurugenzi na wakaguzi wa hesabu. Na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza, kwa maana penye hesabu hapakosi mgogoro.

UASI WA 1971

Kwa miaka mingi vikosi hivi viliishi chini ya mbawa za watu wengine. Vingi vilianzishwa na makanisa, na vyama vya skauti, na hasa na matawi ya vyama vya askari wastaafu, yaani American Legion na Veterans of Foreign Wars. Wastaafu hao ndio waliotunga sheria za mashindano, ndio waliochagua waamuzi, na ndio waliopanga kikosi kilipwe nini kwa kufika uwanjani. Kikosi kingeweza kusafiri maili elfu moja, kikajaza uwanja kwa jina lake, kisha kikapewa malipo yasiyotosha hata mafuta ya basi la kurudi nyumbani.

Mwaka 1971 vikosi vitano viliungana kuupinga utaratibu huo. Navyo vilikuwa Cavaliers wa Chicago, Madison Scouts wa Wisconsin, Blue Stars wa La Crosse, Troopers wa Casper kule Wyoming, na Santa Clara Vanguard wa California. Viongozi kama Don Warren wa Cavaliers, Jim Jones wa Troopers na Gail Royer wa Santa Clara walikuwa na madai mepesi kueleweka: tunaopiga ngoma tuwe na sauti katika sheria, katika uamuzi na katika mgawo wa mapato. Vikosi vya mashariki navyo vikawa na umoja wao. Kutokana na vuguvugu hilo likazaliwa shirika la Drum Corps International, ambalo wapenzi wake huliita kwa kifupi DCI. Ubingwa wake wa kwanza ulifanyika Agosti 1972 katika mji mdogo wa Whitewater, Wisconsin.

Yafaa tulielewe shirika hili jinsi lilivyo. Kwa asili yake ni ushirika. Vikosi ndivyo wanachama, wakurugenzi wa vikosi ndio wapiga kura, na mapato ya viingilio hugawiwa vikosi vyenyewe. Hakuna tajiri mmoja anayeondoka na faida. Lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa ushirika anajua kwamba wanachama hawalingani. Mwenye magunia mia hamtazami kwa jicho moja mwenye magunia mawili. Katika miaka ya mwanzo ya DCI, vikosi 12 vilivyofika fainali ndivyo vilivyokuwa na uanachama kamili. Aliyeshindwa uwanjani alipunguziwa na sauti mkutanini pia. Hivyo wale waliokataa kutawaliwa na wastaafu walijijengea nyumba yenye vyumba vya mbele na vyumba vya uani.

BINGO NA BASI

Fedha hutoka wapi, basi? Viingilio havitoshi, na ada za vijana hazitoshi. Tazama gharama: mabasi kadhaa, malori ya vyombo na la jiko, milo minne kwa siku kwa watu mia mbili, walimu wa tarumbeta na wa ngoma, mtunzi wa muziki, mchoraji wa gwaride, sare, bima. Walimu wa vikosi vikubwa hulipwa. Wapishi aghalabu ni akina mama na akina baba waliotumia likizo yao ya mwaka kumenya viazi kando ya uwanja wa shule wasioujua jina.

Jambo litakalokuchekesha, msomaji, ni kwamba ufundi huu wa hali ya juu ulikuzwa kwa sehemu kubwa na mchezo wa bahati nasibu. Vikosi kadhaa viliendesha kumbi za bingo, ambamo wazee huketi usiku kucha wakiweka alama juu ya namba, na mapato yakaenda kununua tarumbeta. Blue Devils wa Concord, California, walikuwa hodari katika shughuli hiyo, wakawa na kipato cha hakika mwaka baada ya mwaka, hata wakati wengine walipotegemea michango ya kuosha magari. Walitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na kufikia mwaka 2023 walikuwa wameutwaa mara 21. Sisemi kwamba bingo hupiga tarumbeta. Ila mwalimu mzuri hakai mahali ambapo mshahara hauna uhakika, na kijana mwenye kipaji humfuata mwalimu mzuri.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni Anaheim Kingsmen. Hao ndio mabingwa wa kwanza kabisa, wa 1972, na kabla miaka ya 1980 haijaisha hawakuwako tena uwanjani. Wakati DCI inaanzishwa, vikosi vya vijana nchini humo vilihesabika kwa mamia, na kila mtaa wa wafanyakazi katika miji ya viwanda ulikuwa na chake. Leo vile vya daraja la juu ni kama ishirini tu. Gharama za kusafiri nchi nzima ziliwashinda wadogo, na mtoto wa mtaani aliyekuwa akijifunza buruji bure kanisani hana tena pa kwenda, isipokuwa kama mzazi wake ana hizo dola elfu kadhaa. Kwa maoni yangu hasara hii ni kubwa kuliko ya kombe lolote, na hutajwa kwa nadra katika sherehe.

WALE WALE WAWILI

Mwaka 2010 ukatokea mtikisiko ambao wapenzi wa ngoma hizi hawajausahau. Vikosi saba vilivyokuwa na nguvu, yaani Blue Devils, Bluecoats, Cadets, Carolina Crown, Cavaliers, Phantom Regiment na Santa Clara Vanguard, vilileta pendekezo la kubadili uongozi na mgawo wa fedha. Hoja yao ilikuwa kwamba watu hununua tiketi kwa ajili yao, na kwa hiyo wawe na maonyesho yao, mgao mkubwa zaidi na mamlaka zaidi katika shirika. Maandishi ya mpango huo yakajulikana hadharani, na wapenzi wakagawanyika vibaya. Wengine walisema ni haki ya mwenye jembe kula zaidi. Wengine waliuliza hao saba watapata wapi wapigaji wa kesho, ikiwa vikosi vidogo vinavyowalea vitakufa.

Hebu sasa rudi kwenye orodha ya waasi wa 1971, uilinganishe na hii. Cavaliers na Santa Clara Vanguard wamo katika zote mbili. Miaka 39 baadaye, maneno yale yale waliyowaambia askari wastaafu, kwamba sisi ndio tunaojaza uwanja, waliwaambia wenzao. Na miongoni mwa wenzao hao walioambiwa wakae pembeni walikuwamo Madison Scouts, Troopers na Blue Stars, ndugu zao wa uasi wa kwanza.

Pendekezo halikupita kama lilivyoletwa. Yakafuata maafikiano: tangu 2011 vikosi vikubwa vikawekewa mfululizo wa maonyesho maalumu ndani ya shirika lile lile.

Ukubwa, hata hivyo, si kinga. Santa Clara Vanguard, kikosi pekee kilichokuwa kimefika fainali kila msimu wa mashindano tangu 1972, kilichokuwa bingwa mwaka 2018, kilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba hakitasafiri msimu uliofuata kwa sababu ya hali ya fedha. Maradhi ya korona yalikuwa yamefuta msimu wa 2020 wote. Kilirudi uwanjani mwaka 2024.

Mwaka huo huo wa 2024 kulitokea msiba mwingine, na huu haukuwa wa fedha peke yake. Cadets, waliozaliwa mwaka 1934 katika kanisa la Holy Name mjini Garfield, New Jersey, mabingwa wa DCI mara kumi, walitangaza kusitisha shughuli zao katika mwaka ambao wangetimiza miaka 90. Mwanzo wa anguko lao uko nyuma. Mwaka 2018 mkurugenzi aliyekuwa amekiongoza kikosi kwa zaidi ya miaka thelathini alijiuzulu baada ya gazeti la Philadelphia kuchapa madai ya wanawake kadhaa kwamba aliwadhulumu kijinsia. Wakati huo aliyakanusha. Baadaye ikaja kesi juu ya maovu yaliyodaiwa kutendeka katika miaka ya 1980, na mzigo wake ukamlemea mgonjwa ambaye tayari alikuwa dhaifu.

Hapa, msomaji mzazi, ndipo pa kutulia kidogo. Kikosi chenye ushindi humfanya kiongozi wake aonekane kama nabii. Wajumbe wa halmashauri huwa ni watu wanaompenda, waliolelewa naye, au ambao watoto wao wanamtegemea awape nafasi ya kupiga mbele. Watu wa namna hiyo watamwuliza nini? Kijana naye yuko mbali na kwao kwa miezi mitatu, amelipa fedha zote, na anajua kwamba akilalamika kuna mia wengine wanaoitaka nafasi yake. Tangu 2018 shirika liliweka masharti makali zaidi ya ulinzi wa vijana kwa vikosi vyote. Yalikuja yamechelewa mno kwa waliokwisha kuumia.

MAPENZI

Na mpenzi wa kikosi je, ana sehemu gani? Hapigi kura. Hana hisa. Hununua tiketi, hununua fulana, huchangia, na wengi wao walikuwa wapigaji zamani. Lakini ana nguvu moja ambayo halmashauri haiwezi kumnyang'anya, nayo ni kupiga makofi au kunyamaza. Mwaka 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walicheza hadithi ya Spartacus, mtumwa aliyeasi, na kila uwanja walioingia uliwapokea kwa vishindo. Katika fainali waliwashinda Blue Devils kwa alama 98.125 dhidi ya 98.100. Hata leo ukimtaja Spartacus mbele ya mpenzi wa ngoma hizi, utachelewa kwenda nyumbani.

Mapenzi haya hufanya kazi ambayo hesabu za fedha haziwezi. Troopers walisimamishwa msimu wa 2006 kwa sababu ya madeni, na wengi wakadhani ndio mwisho. Wapigaji wa zamani na wapenzi wao wakajikusanya, na mwaka 2007 kikosi kikarudi. Mwaka huo huo, kule Pasadena, wapigaji wa zamani wa Anaheim Kingsmen, mabingwa wale wa kwanza, walivaa sare tena na kuingia uwanjani, watu wazima wenye mvi na vitambi, miaka 35 baada ya kombe lao.

Kisha kuna Boston Crusaders, walioanzishwa mwaka 1940. Walikuwako kabla ya DCI, wakaiona inazaliwa, na ikawachukua mpaka 1999 kufika fainali yake kwa mara ya kwanza. Wapenzi wao waliendelea kununua tiketi. Agosti 2025, katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, Boston Crusaders waliwashinda wote na kutwaa ubingwa huo kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa waliosimama kuwashangilia walikuwamo wazee waliovaa fulana za vikosi vingine.